Kupungua Mwili bila ya Kununa

Mtu aliyezaliwa na kulelewa katika pwani yetu, akiazimia kupunguza unene wa mwili wake, hukutana na wapinzani wawili kabla hajaacha hata andazi moja: wa kwanza ni tumbo lake mwenyewe, lililozoea kushibishwa kwa namna maalumu na saa maalumu, na wa pili ni vinywa vya watu. Habari ya tumbo tutaieleza kwa urefu, kwani lina dawa. Lakini vinywa vya watu vina sababu za tangu na tangu, wala si insafu kuvilaumu bila ya kuzijua. Katika zama za wazee wetu unene ulikuwa dalili ya neema. Mwali aliyengojea harusi aliwekwa ndani, akasingwa kwa liwa na kulishwa vinono hata akatoka amenawiri. Mume ambaye mkewe alikonda alidhaniwa kuwa ama bahili ama mkorofi. Na mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake wakati wa likizo hakurejeshwa mpaka mashavu yamejaa, kwa kuwa mashavu hayo ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba alitunzwa. Kisha ikaja miaka ya 1980 pamoja na msiba wa UKIMWI, ambao huko Uganda, kabla ya kufahamika vyema, uliitwa Slim kwa jinsi ulivyowakondesha waliopatwa nao, na hofu ya maradhi ikaongezwa juu ya dhana ile kongwe ya ufukara. Ndiyo maana hata leo mwanamke aliyepungua kilo 10 kwa juhudi yake mwenyewe hushikwa mkono sokoni na mtu anayemtakia heri, akaulizwa kwa sauti ya chini: "Shoga, kwani una nini? Nyumbani mko salama?"

Swali hilo, ambalo kwa anayeuliza ni huruma tupu, huweza kumvunja moyo anayeulizwa kuliko njaa ya siku nzima. Naye aghalabu hufika nyumbani amekwisha kujitilia shaka, akajitazama katika kioo akiutafuta ugonjwa asiokuwa nao, na jioni ile akala sahani mbili za wali ili kuwanyamazisha walimwengu. Wengi hudhani kwamba bashasha ni zawadi itakayokuja mwishoni, siku nguo za zamani zitakapoenea tena. Mimi naona bashasha ndiyo masurufu ya safari yenyewe, na asiyeyachukua tangu mwanzo huishiwa na nguvu njiani. Wala furaha hiyo haipatikani kwa kujilazimisha kucheka. Sehemu yake kubwa hupatikana jikoni, kwa kula chakula cha kutosha na kilichochaguliwa vyema, na ushahidi wa jambo hilo tutaupata kwa watu waliowahi kushindishwa na njaa kwa makusudi, wakaandikwa habari zao siku baada ya siku.

Kwanza, hata hivyo, inafaa tujue ni nani anayehitaji kupungua na kwa kadiri gani. Kipimo kinachotumika mahospitalini kilitokana na hesabu ya Adolphe Quetelet, mwanachuoni wa Ubelgiji wa karne ya 19: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 77 hupata 30, na hiyo ndiyo hesabu ambapo waganga huanza kuuita unene wa kupindukia. Kati ya 18.5 na 25 huhesabiwa kuwa uzito wa siha. Kipimo hiki hakijui tofauti ya shahamu na misuli, hivyo mchukuzi wa bandarini mwenye mabega mapana asishituke akiambiwa amezidi. Lakini kwa wengi wetu tunaokaa vitini mchana kutwa hakikosei sana. Na jambo la kutia moyo ni kwamba haitakiwi mtu arudie umbo alilokuwa nalo alipokuwa na miaka 18. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupatwa na kisukari waligawanywa mafungu; waliotakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma walijiepusha na maradhi hayo kwa asilimia 58 kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho dawa, ilhali waliopewa dawa ya metformin walijiepusha kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kitu. Hizo hazimfanyi mtu akawa kimbaumbau, wala hazihitaji kumfanya mkorofi kwa jamaa zake.

Ukorofi huo nimeutaja kwa sababu. Mnamo Novemba 1944, vita kuu ya pili ilipokuwa ikielekea ukingoni na watu wa Ulaya wakifa kwa njaa, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 ambao dhamiri zao ziliwakataza kushika silaha, wakajitolea kuteswa kwa njaa badala ya kwenda vitani, ili ijulikane namna bora ya kuwalisha walionusurika. Walikaa katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa mpira wa chuo hicho. Kwa majuma 12 walilishwa vizuri, kisha kwa majuma 24 wakapewa kiasi cha kalori 1,600 kwa siku, karibu nusu ya walichozoea, katika milo miwili ya mikate, viazi, kabichi na makaroni, huku wakitakiwa kutembea kilometa 35 kila juma. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Hilo lilitarajiwa, lisilotarajiwa na wengi ni yaliyozipata nyoyo zao. Vijana waliokuja wakiwa na ucheshi na hamu ya majadiliano walinyamaza, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, wakaacha kutamani hata wanawake. Mlo wa dakika chache waliurefusha kwa kuchanganya chakula na maji na kukichezea katika sahani, kisha wakazilamba sahani zenyewe. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma usiku kama watu wengine wasomavyo riwaya. Walitafuna ubani wa dukani na kunywa kahawa bila ya hesabu. Na njaa ilipokwisha, ruhusa ya kula ilipotolewa, wapo waliokula hata wakaugua, wala hawakuhisi kushiba.

Vijana wale walikuwa wembamba tangu mwanzo, hawakuwa na akiba ya shahamu ambayo mtu mnene anayo, kwa hiyo si halali kusema kwamba kila apunguzaye chakula yatampata yaleyale. Lakini msomaji aliyepata kukaa nyumba moja na mtu aliyeanza kujinyima ghafula atazitambua dalili: ugomvi kwa jambo dogo, macho yanayofuata sahani za watoto, na picha za keki zinazotazamwa katika simu saa nne za usiku. Watu humwita mtu huyo dhaifu wa nia. Hasha! Nia yake ni nzima. Ni mwili wake ulioingiwa na hofu ya ukame, nao unaitumia roho yake kama mjumbe. Tena karatasi za kujinyima zinazopitishwa mkono kwa mkono katika maofisi na saluni zetu huagiza mara nyingi kalori chache kuliko zile za Minnesota, kisha zikamalizia kwa kumwambia msomaji awe na furaha.

Basi la kufanya ni kupunguza kalori bila ya kupunguza shibe, na hilo lawezekana kwa kuwa vyakula havilingani katika kushibisha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, na ya protini ina 4. Maji na nyuzinyuzi za mboga hujaza tumbo lakini hazinenepeshi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38 kwa kiasi chenye kalori zinazolingana, wakawauliza kila baada ya muda wanavyojihisi. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili uwe kigezo. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikawa juu ya vyote. Viazi hivyohivyo vilipokatwakatwa na kukaangwa katika mafuta, yaani chipsi, vilishuka mpaka 116. Kiazi ni kimoja, shamba ni moja, bali karai la mafuta limekinyang'anya theluthi mbili za fadhila yake.

Ukitaka kuona mahali kalori zinapoingia nyumbani kwetu, usiitazame sahani, mtazame mpishi anapoanza mchuzi. Sufuria imekwisha pata moto. Dumu la mafuta linainamishwa, na kipimo chake ni jicho. Yanamiminika hata kitunguu kinaogelea, yanachemka na kutoa harufu nzuri, nyanya inatiwa, na mchuzi ukisha kuiva huonekana duara za mafuta zikielea juu, ambazo mwenyeji huzihesabu kuwa ukarimu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni, kina kalori 120 hivi, na upawa mmoja huweza kubeba vijiko vinne au vitano. Sasa jaribu namna nyingine: vijiko viwili kwa sufuria nzima, moto mdogo, kitunguu kitiwe pamoja na chumvi kidogo na kufunikwa, nacho kitatoa maji yake mwenyewe na kulegea, kikianza kushika, nyunyiza maji kijiko kimoja, ukoroge, ungoje, unyunyize tena. Ikifika zamu ya nyanya, kitunguu saumu, tangawizi na bizari, hakuna mgeni atakayejua kilichopunguzwa. Nazi nayo haina haja ya kufukuzwa nyumbani, kwani kuikosa nazi ni adhabu ambayo mtu wa Lamu au wa Pemba hataivumilia juma moja. Kunde na mbaazi zipikwe kwa tui jepesi, kisha kasimile kidogo itiwe mwishoni, pale inapoonjeka zaidi.

Kwa ufupi, vyakula vyetu vya zamani vina rehema nyingi kuliko vile tulivyoviiga. Ugali wa dona, ambao pumba zake hazikutupwa, hukaa tumboni kuliko sembe. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia na mlenda vyaweza kuchukua nusu ya sahani; samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, dagaa, mayai au maharage vichukue robo, maana protini huilinda misuli isiliwe wakati mwili unapopungua; na wali, ugali au muhogo uchukue robo iliyobaki. Anayekula robo ya wali akashiba mboga na kunde hana sababu ya kunung'unika, naye akitaka chungwa au kipande cha papai baada yake, ale kwa raha zake.

Sukari ndiyo yenye hila, kwa sababu huingia kwa jina la kinywaji. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya kalori za siku, na ikishuka hata nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi, ndivyo bora zaidi. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, amekula gramu 48 kabla ya kugusa soda, ambayo chupa yake moja ya mililita 300 huongeza nyingine 30 na ziada. Ulimi hufundishika. Punguza nusu kijiko, ukae nayo majuma mawili, upunguze tena. Iliki na mdalasini vitaziba pengo, na baada ya muda chai ya zamani itakuchefua.

Ramadhani ina maswali yake. Mtu hufunga kutwa nzima, akadhani amekwisha kulipa, kumbe futari ya kaimati zilizoogeshwa shira, sambusa, tambi na mihogo ya nazi, ikifuatwa na daku la pilau, humrejeshea yote pamoja na riba. Si ajabu akauona mwezi wa Shawwal amezidi uzito. Wazee waliofungua kwa tende na maji au uji, wakasali, ndipo wakarudi kula taratibu, walilipa tumbo nafasi ya kutambua kwamba limekwisha kupata.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko mafuta na sukari pamoja. Mwaka 1975 wanasaikolojia C. Peter Herman na Deborah Mack waliwaalika wanafunzi wa kike kuonja aiskrimu, wakidai kwamba wanapima ladha. Baadhi walinyweshwa kwanza maziwa matamu yaliyokorogwa na baadhi hawakupewa kitu. Wasio na mazoea ya kujinyima walifanya kama akili inavyotaka: waliokwisha kunywa walikula aiskrimu kidogo. Waliokuwa na desturi ya kujinyima walifanya kinyume. Waliokunywa maziwa ndio waliokula aiskrimu nyingi zaidi. Walijiona wamekwisha kuharibu siku, wakasema potelea mbali. Nani hajapata kulisema neno hilo mbele ya sinia la harusi? Umekula kipande cha keki asubuhi, basi mchana unakula pilau bila ya kiasi, jioni unamalizia kwa chipsi, na ahadi inapelekwa Jumatatu. Kipande cha keki hakimnenepeshi mtu. Kinachomnenepesha ni majuto yaliyofuata.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, Claire Adams na Mark Leary walifanya jaribio la namna hiyohiyo kwa wanawake waliolishwa donati, yaani ndugu ya andazi letu mwenye sukari juu. Baadhi yao, baada ya kula, waliambiwa maneno machache ya upole, kwamba kila mtu hula vitu hivi na wasijilaumu. Mtu angedhani msamaha utawafungulia mlango wa ulafi. Ikawa kinyume: walipoletewa peremende waonje, wenye mazoea ya kujinyima waliosikia maneno yale walikula chache kuliko wenzao walioachwa na lawama zao. Nawaomba waume, mama wakwe na mashoga walizingatie hilo, maana kuna watu katika nyumba zetu waliojipa kazi ya kuhesabu matonge ya mwenzao na kuguna. Kuguna kwao kunagharimu kalori nyingi. Aliyekula pilau harusini na aseme alikula pilau harusini, nzuri, ya mapambo, amshukuru mwenyeji. Kesho yake staftahi iwe ileile ya kila siku, yai, mkate wa unga usiokobolewa na chai ya sukari kidogo, bila ya kujifungisha kwa kafara.

Mizani nayo huwafitini watu na furaha yao. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Kwa hiyo juma la kwanza la kupunguza chakula huondoa kilo mbili au tatu, mtu akashangilia, na katika juma la tatu mshale ukisimama akadhani amerogwa. Aliyoyaona kwanza yalikuwa maji. Kilo moja ya shahamu hubeba kalori 7,700 hivi, hivyo anayepunguza kalori 500 kwa siku atapungua kama nusu kilo kwa juma, tena polepole zaidi kadiri mwili unavyokuwa mdogo na mahitaji yake yanavyoshuka. Samaki wa chumvi wa jana jioni au siku za mwezi kwa wanawake huweza kuongeza kilo nzima ya maji ambayo kesho kutwa haipo. Mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kula, yatosha.

Usingizi watu huudharau. Katika jaribio lililofanywa Chicago na kutangazwa mwaka 2010, watu 10 walipewa chakula kilekile cha kupunguza uzito, mara wakilala kitandani saa 8 na nusu, mara saa 5 na nusu. Kilo walizopoteza zilikaribiana. Ila walipolala kidogo, sehemu kubwa ya walichopoteza ilikuwa nyama ya mwili na shahamu ikabaki, tena wakaona njaa zaidi. Mwenye kukesha na simu mpaka usiku wa manane kisha akalalamika kwamba mchicha haumsaidii, mchicha hauna hatia.

Wajawazito na wanaonyonyesha wasianze mambo haya bila ya kumwona mganga; kadhalika wenye kisukari wanaotumia dawa au sindano, kwa kuwa chakula kikipungua na dawa ikabaki ileile, sukari ya damu huweza kushuka ghafula.

Huko Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, wanamoandikwa watu waliopungua kilo 13.6 au zaidi na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au kupita. Njia walizopungulia ni nyingi na zinapingana. Katika kuhifadhi walichokipata, hata hivyo, wengi wao hufanana: hula staftahi, hujipima mara kwa mara, na hutembea au kufanya kazi ya mwili kiasi cha saa moja kila siku. Saa hiyo moja ndiyo inayowatisha watu wetu, lakini yaweza kukatwa vipande, nusu alfajiri na nusu baada ya alasiri jua likipungua ukali, wala haitaki viatu vya bei. Inataka mwenzi. Anayetembea peke yake hupata udhuru kwa wingu dogo. Aliyeafikiana na jirani atagongewa mlango saa kumi na mbili kasoro robo, na itambidi atoke, akiwa amevaa kanga juu ya gauni la kulalia, akisema kwamba anakuja, angojewe kidogo.